Kazi za Mikono: Stendi Iliyo Imara kwa Injini Nzito ya Zamani

Barua moja iliyotufikia kutoka Ogembo, katika nchi ya Wakisii, yastahili kujibiwa kwa urefu, maana swali lililomo si la mtu mmoja tu, bali ni la mafundi wengi wafanyao kazi katika gereji ndogo za mashambani. Mwenye barua ni fundi wa motokaa ambaye gereji yake i kando ya barabara, naye ana vijana wawili anaowafundisha kazi. Amekabidhiwa Land Rover ya miaka ya 1960, mali ya ukoo mmoja wa jirani, ambayo kwa miaka mingi ilichukua wagonjwa kuwapeleka hospitali mjini Kisii, ikachukua na maharusi, na mahindi, na majeneza pia. Mzee mwenye gari amekwisha kufariki, na wanawe wamepatana kuifanya injini upya, kuliko kuliuza gari la baba yao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Basi fundi huyu auliza hivi: ameonyeshwa stendi ya injini iliyokwisha kutumika, yenye magurudumu matatu, nayo imeandikwa kwamba yachukua ratili 1,000. Bei yake ni nafuu. Yeye amepiga hesabu akaona kuwa injini yake haifiki nusu ya uzito huo. Je, aichukue?

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba asiichukue kwa kazi hii. Lakini jibu lisilo na sababu halimfundishi mtu, na wako wengine ambao kesho wataonyeshwa stendi kama hiyo. Kwa hiyo na tuzitazame sababu moja moja, kisha tuone apate wapi stendi iliyo bora, maana kumkataza mtu bila ya kumwonyesha njia nyingine si msaada.

Kwanza, yafaa tujue kwa nini stendi inatakiwa. Watu husema, "Mchagua jembe si mkulima," na kweli wako mafundi hodari waliofungua injini juu ya tairi kuukuu chini ya mwembe, zikaenda vizuri. Lakini kufungua injini ni jambo moja, na kuifanya upya ni jambo jingine. Injini inayofanywa upya hutaka kugeuzwa mara nyingi. Pistoni huingizwa kwa juu, lakini krankshafti na beringi zake hufungwa kwa chini. Fundi asiye na stendi hana budi kuipindua injini kwa mikono na mitaimbo, na kila akiipindua huikwaruza mahali fulani palipokwisha kulainishwa, au huokota mchanga. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya beringi na krankshafti yatosha kuiharibu kazi ya mwezi mzima. Tena nchi ya Wakisii ni nchi ya mvua nyingi, na injini iliyo wazi chini ya ardhi yenye unyevu hushika kutu kwa usiku mmoja.

Pili, tuijue injini yenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwaka 1948, na injini ya petroli ya lita 2.25 ikaanza kutiwa katika magari hayo mwaka 1958. Ina silinda nne, na mwili wake pamoja na silinda hedi ni vya chuma cha kusubu. Ikiwa imevaa vyombo vyake, uzito wake wakaribia kilo 200, yaani ratili 440 hivi. Hesabu ya fundi wetu basi ni sawa. Mwanzoni krankshafti ya injini hiyo ilishikwa na beringi kuu tatu, na mwaka 1980 zikafanywa tano, kwa hiyo fundi anunuapo vipuri asiulize kwa jina la gari tu, bali aende na namba ya injini mkononi. Mwili wa injini ya namna hii ukianguka ukapasuka, haupatikani dukani kama mfuko wa unga. Wachonga mawe wa Tabaka, walio majirani wa Ogembo, wajua sana kuwa jiwe likipasuka halishonwi. Na chuma cha kusubu ni ndugu yake jiwe katika jambo hilo. Kukilehemu ni kazi ngumu, na mara nyingi hupasuka tena kando ya kovu.

Sasa tuitazame ile alama ya ratili 1,000. Alama hiyo yasema uzito tu. Haisemi uzito huo umekaa umbali gani kutoka kwenye nguzo ya stendi, wala haisemi sakafu ni ya namna gani, wala haisemi viungo vyake vina umri gani. Stendi ya kawaida huishika injini kwa nyuma, pale ambapo giaboksi hufungwa, na injini yote hubaki ikining'inia mbele ya nguzo kama mkono ulionyoshwa. Mtu aliyewahi kubeba mkungu wa ndizi ataelewa mara moja. Mkungu ule ule unaobebwa begani kutoka shambani hadi sokoni, ukimwambia mtu aushike kwa mkono ulionyoshwa mbele, hatahesabu hadi kumi kabla hajautua. Uzito haukubadilika, kilichobadilika ni umbali.

Tufanye hesabu. Tuseme injini ya kilo 200 ina kitovu cha uzito wake sentimeta 35 mbele ya sahani ya stendi. Zidisha 200 kwa 35, utapata 7,000. Hiyo ndiyo nguvu ya kuipinda nguzo. Sasa tuchukue injini ndefu ya silinda sita, yenye kilo 280, na kitovu chake ki sentimeta 50 mbele. Zidisha, utapata 14,000. Uzito umeongezeka kwa kiasi kisichofika nusu, lakini nguvu ya kuipinda stendi imekuwa maradufu. Ndiyo sababu injini ndefu za zamani huzikunja stendi ambazo kwa kuzisoma maandishi yake zilionekana zatosha kabisa. Fundi mwenye busara husoma maandishi, kisha huchukua kipimo cha futi na kupima mwenyewe.

Jambo la tatu ni yale magurudumu matatu. Stendi ya namna hiyo ina magurudumu mawili nyuma, upande wa nguzo, na moja mbele chini ya injini. Ukichora mistari kutoka gurudumu hadi gurudumu, utaona umefanya pembetatu, na pembetatu hiyo ni pana mahali pasipo na uzito, na ni nyembamba mahali penye uzito. Maadamu kitovu cha injini ki ndani ya pembetatu, stendi husimama. Lakini fundi anapoigeuza injini kwa kutumia bomba, huisukuma kwa ubavuni; au gurudumu la mbele likianguka katika kishimo kidogo, stendi huinama; na kitovu kikitoka nje ya mstari hata kwa upana wa vidole vitatu, hakuna mtu awezaye kuizuia injini ya kilo 200 isianguke. Na atakayejaribu kuizuia ni yule kijana mwanafunzi, kwa sababu vijana hukimbilia kushika kabla ya kufikiri. Mwalimu wake ndiye atakayekwenda kuwaeleza wazazi kwa nini mguu wa mtoto wao umevunjika. Nafuu ya bei haiwezi kulipa hasara hiyo.

Sakafu nayo ina neno lake. Gereji nyingi za mashambani zina sakafu ya udongo au murram. Magurudumu madogo ya chuma yamefanywa kwa sakafu ya simenti. Katika udongo huzama. Ikiwa fundi hana simenti, yampasa achague moja kati ya mambo mawili: ama amimine kipande cha zege cha kutosha stendi yake tu, kilichosawazishwa vizuri, ama atumie stendi isiyo na magurudumu, yenye miguu iliyotandazwa juu ya mbao nene. Asifikiri kuwa magurudumu ni lazima. Injini inayofanywa upya haina haja ya kutembea, yahitaji kusimama.

Je, fundi wetu atafute stendi ya namna gani basi? Twaona ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni kununua stendi nzito ya kiwandani yenye magurudumu manne, yenye msingi mpana mbele na nyuma, na yenye maandishi ya ratili 2,000, yaani kilo 900 hivi, ingawa injini yake haifiki robo ya uzito huo. Kiasi kinachozidi si ufujaji. Hicho ndicho kinacholipia ule umbali tuliouhesabu, na mshtuko wa kugeuza, na uzee wa chuma. Akipewa iliyotumika, aichunguze kabla ya kutoa fedha: akwangue rangi kwenye viungo vilivyolehemiwa aone kama pana ufa; aitazame nguzo kwa timazi kama imepinda; alitie bomba la kugeuzia katika ala yake alitikise, kwani likicheza sana limekwisha kulika. Stendi iliyopakwa rangi mpya siku ile ile ya kuuzwa, itazame mara mbili.

Njia ya pili ni kumwendea mlehemu hodari wa mji wake, afanye stendi kwa vipimo vya injini ile. Kwa injini ya kilo 200 hadi 300, tungependekeza nguzo ya bomba la mraba lenye upana wa sentimeta 8 kila upande na unene wa milimeta 5. Miguu ya chini iwe ya bomba kama hilo, iachane kwa upana wa sentimeta 90, na iende mbele kupita kitovu cha injini kwa sentimeta 20 au zaidi. Ikipita ncha ya mbele ya injini ni bora. Pembe kati ya nguzo na msingi itiwe mabati manene ya pembetatu kwa kuzuia isifunguke. Ala ya kugeuzia iwe na urefu usiopungua sentimeta 20, maana ala fupi hulika upesi, na pini ya kuifunga isigeuke iwe ya chuma kigumu chenye unene wa milimeta 16. Kisha, na hili ndilo jambo lililosahauliwa katika stendi nyingi, iwepo nguzo fupi ya skrubu ya kusimamisha chini ya ncha ya mbele ya injini wakati wote ambapo haigeuzwi. Nguzo hiyo huugeuza mkono ulionyoshwa ukawa daraja lenye miguu pande mbili, na uzito wote ukapata mahali pa kupumzika. Lakini chuma kisiwe cha kuokotwa. Bomba lililolika kwa kutu ndani huwa na sura nzuri nje.

Njia ya tatu ni ya fedha kidogo kabisa, nayo si ya kudharauliwa. Ni kitanda cha mbao. Chukua boriti za mkaratusi zilizokauka vizuri, za sentimeta 10 kwa 10, uzifunge kwa bolti na mabati ya pembeni, ukifanya mihimili miwili ya kuchukua injini kwa yale masikio yake ya ubavuni ambayo kwayo hukaa ndani ya gari. Injini za zamani sana, ambazo nyuma yake hazina mahali panapokubali sahani ya stendi, hufaa zaidi kukaa katika kitanda. Kitanda hakigeuzi injini, hilo ni kweli. Itakulazimu kuigeuza kwa winchi ya mnyororo, kwa uangalifu, labda mara nne au tano katika kazi nzima. Lakini kitanda hakianguki. Kwa fundi mwenye sakafu ya udongo na fedha chache, heri kitanda kilicho imara kuliko stendi ya magurudumu inayotetemeka.

Stendi yoyote iliyotengenezwa mjini, au iliyonunuliwa kwa mtu, ijaribiwe kabla ya kuaminiwa. Funga boriti mbili ngumu kwenye sahani yake, utandike mbao juu, kisha upange mifuko ya mchanga iliyopimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa mahindi, hata ifike mara moja na nusu ya uzito wa injini, na katikati ya mifuko pawe umbali ule ule wa kitovu cha injini. Kwa injini ya kilo 200, weka kilo 300. Pima kimo cha ncha ya mbele kutoka sakafuni, uandike. Iache usiku kucha, na watu wasipite karibu. Asubuhi pima tena. Ikiwa imeshuka na haikurudi mzigo unapotolewa, chuma kimepinda, nayo haifai. Mchanga ukianguka utazolewa, injini haizoleki.

Baada ya stendi, zitazame bolti. Mafundi wengi huitazama stendi sana na kusahau kuwa injini nzima inaning'inia kwa bolti nne tu. Bolti hizo zisiwe za kuokotwa katika mkebe. Za vipimo vya milimeta ziwe na alama 8.8 au zaidi kichwani. Za vipimo vya inchi ziwe na mistari mitatu au sita. Bolti isiyo na alama yoyote haijulikani nguvu yake. Iingie ndani ya chuma cha injini kwa urefu usiopungua mara moja na nusu ya unene wake. Tena kumbuka kuwa magari ya Kiingereza ya zamani yana nyuzi za inchi, na baadhi yake ni za namna ambazo hazitumiki tena katika magari mapya. Bolti ya milimeta huweza kuingia mizunguko miwili mitatu ikadhaniwa imekubali, kumbe inazitafuna nyuzi. Ijaribu kwa vidole kwanza. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana.

Kwa Land Rover hii liko jambo la kuangaliwa zaidi. Nyumba ya flaiwili katika injini ya lita 2.25 ni kipande cha aluminiamu kilichofungwa kwenye mwili wa injini. Usikitwike uzito wote wa injini kiwe kinaning'iniza peke yake. Kitoe, uifunge sahani ya stendi kwenye chuma chenyewe. Flaiwili nayo na sili ya mafuta ya nyuma hazitaweza kufungwa injini ikiwa imeshikwa kwa nyuma. Hizo ngojea hadi injini itundikwe tena kwenye winchi. Panga kazi yako ukijua hivyo, usije ukafika mwisho ukashangaa.

Jinsi ya kuipandisha ni hivi. Kwanza punguza uzito: toa silinda hedi, manifoldi, dinamo, flaiwili na klachi. Itundike injini kwa winchi, na winchi ifungwe mahali panapostahili, si kwenye boriti ya paa la mabati. Injini ikiwa bado inaning'inia kimo cha goti, ifunge sahani kwenye injini, kisha uisogeze hata bomba la sahani liingie ndani ya ala ya stendi. Tia pini. Simamisha nguzo ya skrubu kwa mbele. Ndipo uulegeze mnyororo kidogo kidogo, huku ukitazama na kusikiliza. Chuma kinacholia kinasema neno, usikifanye kiziwi. Wakati wote huo asiwepo mtu mwenye mkono au mguu chini ya injini, hata kwa kuokota nati iliyoanguka. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka minyororo na kamba za kuinulia mizigo ziandikwe uzito zinaoruhusiwa kuchukua, na zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Sheria hiyo haikuwekwa kwa viwanda vikubwa tu.

Neno la kugeuza nalo ni hili. Kitovu cha uzito wa injini chapasa kuwa katika mstari wa bomba la kugeuzia, au chini yake kidogo. Kikiwa juu, siku utakapochomoa pini injini itajigeuza yenyewe kwa nguvu, na lile bomba ulilolishika litakuvunja kifundo cha mkono. Na kitovu hiki huhama. Ukitoa silinda hedi, kinashuka. Ukitoa krankshafti, kinapanda. Kwa hiyo kila unapotoa au kutia kitu kizito, chomoa pini polepole, mtu wa pili akiwa amelishika bomba, uone injini inataka kwenda wapi. Ikibidi, legeza mikono ya sahani uirekebishe, lakini fanya hivyo injini ikiwa imeshikwa na winchi.

Wenye Peugeot 404 nao tuwape neno lao, maana gari hilo lilipendwa sana katika nchi zetu, na lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Injini yake ni nyepesi kuliko ya Land Rover, nayo imelazwa ubavu ndani ya gari kwa nyuzi 45. Lakini ina mtego wake. Silinda zake ni mikono ya chuma iliyotiwa ndani ya mwili wa injini, yenye maji kuizunguka, na inayoizuia mahali pake ni silinda hedi. Ukiisha kuitoa silinda hedi ukaigeuza injini juu chini, mikono hiyo yaweza kusogea au kuanguka, na mihuri ya chini yake kuharibika. Basi kabla ya kuigeuza, ishike mikono hiyo kwa vipande vya chuma vilivyofungwa kwa bolti katika matundu ya silinda hedi. Stendi iwe nzuri namna gani, haiwezi kumlinda fundi asiyejua injini yake imejengwaje.

Labda fundi wetu wa Ogembo atasema, "Maneno haya ni mazuri, lakini stendi nzito ni ghali, nami injini kama hii huipata mara moja kwa mwaka." Nasi twakubali kuwa asema kweli. Kwa hiyo twampa shauri la mwisho, nalo ni la umoja. Katika mji mmoja kama Ogembo hapana haja kila gereji iwe na stendi yake ya injini nzito. Mafundi watano wakichanga, wataweza kununua au kutengenezesha stendi moja iliyo bora kuliko ambayo yeyote kati yao angeweza kuinunua peke yake. Waandike katika daftari nani ameichukua na lini ataileta. Waweke ada ndogo kwa kila kazi, na ada hiyo iwe ya kununua bolti mpya na magurudumu yanapochakaa. Wamchague mmoja wa kuikagua kila inaporudi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ugomvi wa vifaa vya shirika hutokea mahali pasipo na daftari.

Tena tusiwasahau wale vijana wawili. Ufundi wa magari katika Kenya una historia ndefu ya kufundishwa kwa utaratibu. Chuo cha kazi za mikono cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924, na kwa miaka mingi mafundi waliojifunza katika gereji wamefanya mitihani ya serikali ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kijana anayejifunza juu ya stendi iliyo imara hujifunza pia kupima kabla ya kukata, kujaribu kabla ya kuamini, na kusafisha mahali pake kila jioni. Lakini anayejifunza kwa kuishikilia injini inayoyumba kwa bega lake hujifunza kubahatisha, na tabia hiyo ataichukua hadi kwenye breki za magari ya watu.

Kwa hiyo, Bwana Fundi, ile stendi ya magurudumu matatu iache ilipo, au uinunue kwa injini ndogo tu, na kwa sakafu ya simenti. Kwa Land Rover ya ukoo huu, kama fedha ni chache, anza na kitanda cha mbao juma hili. Mkaratusi haukosekani katika vilima vyenu. Wakati huo huo zungumza na mafundi wenzako juu ya stendi ya shirika. Wale watoto wa mzee wamengoja miaka mingi gari la baba yao lisikike tena barabarani. Watangoja majuma mengine mawili bila ya manung'uniko, ukiwaeleza sababu. Na ukiisha kuipandisha injini mahali palipo imara, tuandikie tena, kwani katika ukurasa huu juma lijalo tutaeleza jinsi ya kuzipima silinda zilizolika, ili fundi ajue kama zatosha kusuguliwa tu, au hapana budi zitobolewe upya.